Mjomba anataka kung'oa pamba, apande zabibu

Naam, nimerudi. Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu au nimeoa. Hapana kwa yote mawili. Nilikwenda Bariadi kumsalimia mama, nikakaa kuliko nilivyopanga, na nimerudi na kesi ambayo nimeshindwa kuimaliza peke yangu. Kwa hiyo naileta kwenu.

Kesi yenyewe ni ya mjomba. Mzee huyu alianza kulima pamba kabla mimi sijazaliwa, wakati Bariadi ikiwa bado ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga na hakuna aliyeota kwamba mwaka 2012 tutapewa mkoa wetu unaoitwa Simiyu. Amesomesha watoto kwa pamba. Ameoza mabinti kwa pamba, na mahari ya ng'ombe waliotoka kwenye mabinti hao akaigeuza tena kuwa majembe ya kulimia pamba. Sasa jioni moja tumekaa nje, taa ya sola inawaka kidogo tu, mama anamenya viazi, mjomba akakohoa kile kikohozi cha mtu mzima anayetaka kusikilizwa.

"Mpwa wangu, wewe si unaandika magazetini?"

"Naam, mjomba."

"Sasa hebu niambie. Ile zabibu nyekundu ya Dodoma inalipa au hailipi? Maana mimi nataka kung'oa ekari mbili za pamba."

Jamani, nilicheka. Nilidhani ni utani. Mama akanikata jicho, nikajua si utani. Kumbe mzee ana wazo hili tangu Nane Nane ya 2019. Mnakumbuka miaka ile mitatu, 2018, 2019 na 2020, maonyesho ya kitaifa yalifanyika kwetu Nyakabindi, na Bariadi ikajaa magari ya serikali hadi nyumba za wageni zikakosa vyumba. Mjomba alipita kwenye banda moja akakuta mzabibu umepandwa kwenye ndoo, una vishada vimening'inia, vyeusi kwa uivu. Kijana wa pale akamwambia mmea huu hauhitaji mvua nyingi, unavunwa mara mbili kwa mwaka, na ukishaupanda unakula nao maisha. Mzee akaenda nyumbani na maneno matatu tu kichwani: mara mbili kwa mwaka.

Na 2019 hiyo hiyo, kwa wasiojua, ndio ulikuwa mwaka mchungu wa pamba. Bei elekezi ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakapeleka pamba kwenye AMCOS wakapewa karatasi badala ya fedha. Watu walikaa miezi wakisubiri malipo. Mtoto anatakiwa kwenda shule, unamwonyesha karatasi. Unadhani mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna zao linavunwa mara mbili kwa mwaka atalala usingizi?

Basi nilimwahidi nitalifuatilia. Na kwa kuwa nilikuwa na kazi nyingine Dodoma, nikapanda basi alfajiri, nikafika nikiwa nimevimba miguu, nikaanza kuuliza. Ninachowaandikia hapa ni nilichokiona, nilichokisoma, na nilichokinywa (ndiyo, nimekunywa, ni sehemu ya utafiti, msininyooshee vidole).

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Zabibu inayolimwa kwa wingi Dodoma kwa ajili ya mvinyo mwekundu inaitwa Makutupora nyekundu. Jina ni la mahali, Makutupora ya kaskazini mwa mji wa Dodoma kwenye barabara ya Kondoa, penye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho zabibu ndiyo kazi yake kubwa, na jirani yake kambi ya JKT. Msichanganye na Makutupora ya reli ya kisasa, ile iko Manyoni. Zipo na za wageni pia, Syrah na Cabernet Sauvignon kwa upande wa nyekundu na Chenin Blanc kwa nyeupe, lakini mkulima wa kawaida wa Hombolo au Mpunguzi ukimkuta shambani, kuna uwezekano mkubwa amesimama katikati ya Makutupora.

Walioanzisha habari hii ni wamisionari wa Kikatoliki. Padri anahitaji divai ya misa, na kuisafirisha kutoka Ulaya ni gharama, kwa hiyo walipanda mizabibu, na Bihawana pakawa na jina kwa mvinyo hadi leo. Baadaye serikali ikaingia, kikaanzishwa kiwanda cha umma cha Dowico, na wananchi wakahimizwa kulima. Miaka ya 90 Dowico ikaanguka kama mashirika mengine mengi ya umma. Mashamba mengi yakatelekezwa, maana mzabibu usio na mnunuzi ni kichaka tu chenye matunda. Mnaotoka kwetu mnaokumbuka wazazi wakisimulia habari za Mwatex ya Mwanza mtaelewa bila kufafanuliwa.

Lile la kuvunwa mara mbili ni kweli. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, unaangusha majani, unaamka tena joto likirudi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha, kwa kisu. Anapogolea matawi, mmea unashtuka unatoa machipukizi mapya na maua, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Mavuno ya kwanza ni Februari hadi Machi, ya pili ni Agosti hadi Septemba. Haya mawili si mapacha. Yale ya Machi yanaivia kwenye mvua: maji yanapunguza sukari, punje zinapasuka, na magonjwa ya ukungu yanatembea shambani kama moto wa nyasi. Ya Agosti yanaivia kwenye ukavu, jua linawaka, sukari inapanda. Ukitaka mvinyo mzuri wa Makutupora, ulizia wa kiangazi.

Sasa turudi kwa mjomba.

Nilipofika hapo ndipo nilipoanza kuona tatizo la Bariadi, na ni tatizo la mawingu kabla halijawa la fedha. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, halafu mbingu inafungwa kabisa. Kwetu mvua zinaanza mapema zaidi, Oktoba au Novemba, zinapumua kidogo mwanzoni mwa mwaka, zinarudi Machi hadi Mei. Maana yake ile zabibu ya kwanza ingekutana na mvua mara mbili. Mjomba angebaki na mavuno moja ya maana, ya kiangazi, na hayo nayo angelazimika kuyamwagilia. Kwa maji gani? Mto Simiyu wakati wa kiangazi ni mchanga. Unachimba ndipo unapata maji ya kuoga.

Halafu udongo. Wasukuma tuna majina ya udongo kuliko maofisa ugani walivyo na pikipiki. Kuna luseni, ule wa kichanga wa juu ya mwinuko, kuna ibushi, kuna itogolo, mgumu chini kama saruji, na kuna mbuga, ule mweusi unaonasa matairi ya basi Machi. Pamba ya mjomba iko karibu yote kwenye mbuga. Mzabibu haupendi kusimama ndani ya maji, mizizi inaoza. Ana kipande cha luseni nyuma ya nyumba, robo ekari hivi, ambako mama hupanda karanga.

Na la tatu ambalo hakuna mtaalamu aliyenitajia, nimelifikiria mwenyewe ndani ya basi: ng'ombe. Pamba ni mtu wa msimu. Ukimaliza kuvuna unatakiwa kung'oa miti na kuichoma ili wadudu wasivuke mwaka, na shamba linabaki wazi, ng'ombe wa kijiji kizima wanapita wakila mabaki ya kila kitu, wa kwako, wa jirani, wa mtu usiyemjua. Huo ndio utaratibu wetu, hakuna anayeuliza. Mzabibu unakaa pale pale zaidi ya miaka ishirini. Ng'ombe wa Bariadi hajui kwamba kile kijani kilichobaki peke yake Agosti, wakati nchi nzima imekauka, ni uwekezaji. Atakila na atashukuru.

Mtaniambia haya yote yana dawa: bwawa, uzio, dawa ya ukungu. Sawa. Simiyu si mkoa wa watu waoga wa kujaribu. Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa tulianza habari za kila wilaya na bidhaa yake, Maswa wakatengeneza chaki, Meatu wakafungasha maziwa. (Kwa bahati ya ajabu, Mei 2021 huyo huyo Mtaka alihamishiwa Dodoma, kutoka kwenye pamba akaingia kwenye zabibu, kabla ya kupelekwa Njombe Julai 2022. Siku nikimpata nitamuuliza yeye ang'oe nini apande nini.) Kwa hiyo hoja yangu si kwamba mzabibu hauwezi kuota Bariadi. Tatizo langu linaanza siku ile zabibu inapoiva.

Pamba, pamoja na mateso yake yote, ina hisani moja. Inasubiri. Mwaka ule wa 2019 watu walikaa na pamba ndani ya nyumba wanalala juu yake, na ilipokuja kununuliwa ilikuwa bado pamba. Zabibu haina subira hiyo. Ukishaikata shambani una siku chache tu, kwenye joto ni pungufu ya hapo, kabla haijaanza kuchachuka yenyewe ndani ya kreti na nyuki hawajakuzidi idadi. Dodoma kwenyewe, penye viwanda, penye mabingwa wa zao hili, habari za zabibu kuozea shambani zimeandikwa tena na tena, na wenzangu wa magazeti wameshazoea kuzipanga ukurasa ule ule. Nilikutana na mama mmoja, simtaji jina, ambaye msimu mmoja alimwaga kreti zaidi ya hamsini. Hakulia wakati anasimulia. Alicheka, na kile kicheko kimenikaa hadi leo.

Ndiyo maana wakulima wengi wa kule wamejifunza kukamua wenyewe na kuhifadhi kwenye matangi. Wanakiita mchuzi. Mchuzi wa zabibu! Mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilifikiria ubwabwa. Kumbe ni mvinyo ambao haujafika chupani: zabibu imekamuliwa, imechachuka pamoja na maganda yake (maana rangi nyekundu iko kwenye ganda, maji ya ndani ya zabibu nyekundu nyingi hayana rangi ya maana), ikachujwa, ikakaa tangini ikimsubiri mnunuzi mwenye kiwanda. Mchuzi unampa mkulima pumzi, hauozi kesho. Lakini bei bado anapangiwa na mwenye chupa.

Na hapa ndipo pamba na zabibu zinapokuwa ndugu wa tumbo moja. Pamba yetu inachambuliwa pale pale mjini, mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta, nyuzi zinafungwa marobota, na sehemu kubwa ya marobota hayo inaondoka nchini kabla haijawa hata leso. Kisha tunanunua shati. Zabibu inakamuliwa, inakuwa mchuzi, inaondoka kwa bei ya jumla, kisha tunanunua mvinyo wa Afrika Kusini. Mkulima katika hadithi zote mbili ni yule yule anayeishia kwenye robota au tangi.

Bariadi nilijaribu kitu. Niliingia baa moja ya heshima, ile yenye viti vya kitambaa, nikaagiza waini nyekundu ya nyumbani. Dada akanitazama kama nimeagiza maji ya mvua. Akasema kuna Drostdy-Hof, au kama nataka ya kwetu basi kuna Dompo, "lakini kaka, hiyo Dompo ni ya wakina mama." Nikasema lete. Meza ya jirani walikuwa vijana wa rika langu, wana laptop, mmoja ni ofisa wa benki, wakaniangalia kwa huruma. Wao walikuwa wanakunywa nyekundu ya Afrika Kusini, ya moto kabisa, maana chupa ilikuwa imekaa rafuni karibu na dirisha la magharibi tangu Mungu anajua lini, na walikuwa wanaichanganya na kola ili iweze kupita.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kugombana na nyinyi. Mimi sina ugomvi na anayechanganya waini na kola. Fedha yake, koo lake. Ugomvi wangu ni huu: mvinyo ukishaunguzwa na jua ukatiwa na kola, huwezi kuonja kama umetoka Stellenbosch au Hombolo. Kwa hiyo tunalipia lebo. Na tunailipia kwa gharama kubwa, kwa sababu serikali kwa upande wake imefanya jambo moja ambalo halisemwi sana. Ushuru wa bidhaa kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za hapa nchini uliwekwa chini mno, na katika bajeti ya 2017/18 ukashushwa tena kutoka shilingi 202 hadi 200 kwa lita, wakati mvinyo wenye zabibu za nje kupita asilimia 25 ulikuwa unatozwa shilingi 2,349 kwa lita mwaka huo huo. Pigeni hesabu kwa chupa ya kawaida ya mililita 750: shilingi 150 kwa upande mmoja, zaidi ya 1,700 kwa upande mwingine. Mlango umefunguliwa wazi kabisa. Hatuingii, kwa sababu mlangoni tunaogopa kuonekana tunakunywa kitu cha wakina mama.

Dharau hii ina sababu, nikiri. Miaka mingi mvinyo wa Dodoma uliotufikia mikoani ulikuwa mtamu kama sharubati yenye hasira, wa kulewa haraka. Mtu akionja huo akiwa na miaka kumi na tisa, akaamka na kichwa kinagonga, anaandika kesi ya kudumu dhidi ya Dodoma nzima. Nami nilikuwa mmoja wao. Lakini safari hii nilipewa Makutupora nyekundu kavu, isiyoongezwa sukari, ya mavuno ya Agosti, imetolewa kwenye friji dakika kumi kabla. Mimi si mtaalamu, sitawaambia habari za harufu ya ngozi ya farasi. Nitawaambia kwamba ilikuwa nyeusi kama zambarau, na kama zambarau iliukausha ulimi kidogo pembeni, nikatafuta nyama ya kuisindikiza bila kuambiwa na mtu. Nyama choma ya mbuzi na kachumbari. Mwenzangu tuliyekuwa naye, ambaye ni mtu wa bia tangu ubatizo, alimaliza glasi akanyamaza, akaongeza nyingine. Haikuwa mvinyo bora duniani, kuna ukali fulani mwishoni ambao mtengenezaji makini angeutuliza kwa kuupa muda. Lakini nilijua ninakunywa kitu cha mahali fulani, na lebo ya chupa haikutaja zabibu hiyo mahali popote. Iliandikwa tu mvinyo mwekundu.

Hilo liliniudhi kuliko yote. Angalieni wenzetu. Mwaka 1925 profesa mmoja wa Stellenbosch, Abraham Izak Perold, alichavusha zabibu mbili za Kifaransa, Pinot Noir na Cinsaut, akapata zabibu mpya ambayo baadaye ikaitwa Pinotage. Chupa ya kwanza sokoni yenye jina hilo ilitoka 1961. Kuna wataalamu hadi leo wanaiponda, wanasema inanuka rangi ya kupaka, lakini Afrika Kusini waliandika jina lile kwenye chupa kwa herufi kubwa na leo ukisema Pinotage mtu anajua ni ya wapi. Chile nao walikuwa wanauza zabibu fulani wakidhani ni Merlot, mpaka 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipowaambia hii si Merlot, ni Carmenère, ile ambayo Ufaransa ilikuwa karibu kuisahau. Wangeweza kuona aibu. Wao wakabadilisha lebo wakaifanya sifa ya nchi.

Sisi tuna zabibu yenye jina la Kitanzania kabisa, jina ambalo hata mgeni analitamka bila taabu, tunalificha nyuma ya picha ya twiga.

Hebu nirudi kwa yule anayesubiri jibu, maana nimeanza kuhubiri.

Kuna jambo sijawaambia kuhusu mjomba. Yeye ni mzee wa kanisa, na kanisa lao halitaki kusikia habari za pombe, iwe gongo, iwe wanzuki, iwe mvinyo wa Kaisari. Nilipompigia simu kutoka Dodoma kumpa majibu, nilianzia huko, nikidhani nitamaliza kesi mapema kwa njia ya dini. Nikamuuliza, mjomba, hii zabibu unajua inakwenda kutengeneza nini?

"Najua. Kwani mimi nitaikunywa? Nitaiuza."

"Lakini mjomba..."

"Mpwa, mimi nimelima pamba maisha yangu yote. Umewahi kuniona nimevaa pamba yangu?"

Nilikosa jibu. Mpaka leo sina. Nilitazama shati nililovaa, nikageuza kola kutafuta lebo, halafu nikaacha kutafuta.

Nikamwambia ukweli wangu, na ndio msimamo wangu kwenu pia mnaosoma, hasa wale wenye shangazi na wajomba wanaopigiwa simu na watu wa miche. Nimemwambia asing'oe hata mstari mmoja wa pamba. Sijasema hivyo kwa sababu pamba ni nzuri. Nimesema kwa sababu zabibu inahitaji kiwanda kwa umbali wa saa chache, na kiwanda cha karibu naye kiko safari ya basi ya siku nzima. Kukopa fedha za nguzo, nyaya na uzio, kusubiri miaka miwili au mitatu mpaka mmea uzae sawasawa, halafu kuanza kutafuta mnunuzi mzigo ukiwa unachachuka kwenye kreti... hapana. Huko ni kutoka kwenye karatasi ya AMCOS kwenda kwenye jipu. Yeyote anayemwambia mkulima wa Simiyu apande zabibu ekari mbili bila kumwonyesha tangi la kukamulia lililosimama, lenye mtu mwenye funguo, anamuuzia miche tu.

Na wale wa serikalini mnaonisoma (najua mpo, takwimu zinaonyesha wasomaji wengi saa za kazi), kabla ya kupeleka zao hili mkoa mwingine wowote, malizeni kwanza la Dodoma. Matangi ya kutosha ili mkulima asiuze kwa hofu. Jina la Makutupora kwenye lebo, kwa lazima kama ikibidi. Na karamu za serikali pale makao makuu, ambako tangu 2016 wakubwa wamehamia kwa makundi, ningependa kuona zinanyweka nini. Mizabibu iko nusu saa kutoka ofisini kwao.

Nyinyi wa mjini nawaomba kitu kidogo zaidi. Mkiingia dukani ulizeni: hii imetengenezwa na zabibu gani? Muuzaji hatajua. Ulizeni tena wiki ijayo. Na kama hunywi, kama mjomba, sikulazimishi, kuna zabibu zenyewe za kula, nunua barabarani ukipita.

Mjomba hakufurahi. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akaniambia haya, umesoma, nimesikia, lakini niletee vipando kumi tu. Vya kujaribu. Pale kwenye luseni ya mama yako, penye karanga.

Nilimpelekea kumi, vimefungwa kwenye gazeti lenye maji na mfuko wa plastiki mgumu, kwa dereva wa basi ambaye aliniuliza mara tatu kama ni bangi. Mama alikasirika kwa ajili ya karanga zake siku mbili, akasamehe. Mjomba amezungushia uzio wa minyaa na miiba.

Jumapili iliyopita alipiga, sauti ya chini. Mbuzi wamekula viwili. Vinane vina majani.